Simu Mpya na Mizani ya Haja

Simu ya daraja la kati huibua swali la kimaadili lililo gumu kuliko simu ya bei ya juu kabisa. Simu ghali hujulikana wazi kuwa ni fahari, na simu rahisi huhesabiwa kuwa chombo cha lazima cha mawasiliano. Ya kati hubeba haja na pambo ndani ya kasha moja. Anayefikiria kuacha ya zamani na kununua toleo jipya huamua mambo mawili kwa pamoja: kama chombo kipya ni bora, na kama ubora huo unastahili kutolewa mali. La kwanza hujibiwa na orodha ya sifa. La pili ni suala la dini na falsafa, nalo lilijadiliwa karne nyingi kabla ya simu kuwako.

Wanazuoni wa usuli wa fikihi waliliweka katika mpangilio maalumu. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kuwa sheria inakusudia kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Abu Ishaq al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alifafanua kwa kina ngazi tatu za maslahi. Ya kwanza ni dharura, ambazo zikikosekana mojawapo ya mambo hayo matano huharibika. Ya pili ni haja, ambazo zikikosekana watu hupata dhiki ingawa hawaangamii. Ya tatu ni mambo ya kupendezesha na kukamilisha. Ngazi hii ya tatu haikuharamishwa. Sharti lake ni kwamba isibomoe zilizo juu yake. Kwa kuwa mali yenyewe ni miongoni mwa mambo matano yanayolindwa, kuitoa kunahitaji sababu, na Kurani hukemea ubadhirifu (Al-Israa, aya ya 26 na 27) sawa na inavyokemea ubahili (Al-Furqan, aya ya 67).

Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyezaliwa mwaka 341 kabla ya Kristo, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Aligawanya matamanio katika yale ya asili yaliyo ya lazima, ya asili yasiyo ya lazima, na yale yasiyo ya asili wala ya lazima. Alama ya kundi la mwisho ni kukosa kikomo. Anayetaka simu inayodumu na chaji kutoka alfajiri hadi usiku anataka kitu chenye mwisho: akikipata, ametosheka. Anayetaka simu isiyopitwa na nyingine hatosheki, kwa sababu toleo la mwaka ujao litamrudisha palepale alipoanza.

Mfano halisi huonyesha jinsi vipimo hivi vinavyofanya kazi. Samsung ilitoa Galaxy A54 mwezi Machi 2023 na Galaxy A56 mwezi Machi 2025. Zote mbili zina betri ya mAh 5,000, kamera kuu ya megapikseli 50 na kioo kinachojionyesha upya hadi mara 120 kwa sekunde. A56 imeongeza ukubwa wa kioo kutoka inchi 6.4 hadi 6.7, kasi ya prosesa, na nguvu ya kuchaji kutoka wati 25 hadi 45. Tofauti nyingine ni muda wa masasisho ya usalama: miaka mitano kwa A54, yaani hadi 2028, na sita kwa A56, yaani hadi 2031.

Kwa mizani ya al-Shatibi, sifa zinazosifiwa zaidi ndizo nyepesi. Kioo kikubwa na kasi ya ziada, kwa watumiaji wengi, ni vya kupendezesha. Masasisho, ambayo hayavutii jicho, yanagusa ngazi ya juu kabisa. Mtu ambaye fedha zake zinapita M-Pesa na programu ya benki ameweka mali yake ndani ya simu, na simu isiyozibwa tena mianya ya usalama inaiacha mali hiyo wazi. Hata hivyo, sababu hiyo haimhusu mwenye A54 kabla ya 2028. Inamhusu aliye na simu ambayo masasisho yake yamekwisha kukoma.

Betri iliyochoka ni jambo la ngazi ya kati. Dhiki yake ni ya kweli, lakini tiba yake si lazima iwe simu nzima. Kanuni ya fikihi kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake inamwelekeza mwenye simu kwa fundi kabla ya kumwelekeza dukani. Sheria za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 2025 zinaelekea huko pia: betri ya simu inatakiwa kubaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri viendelee kupatikana kwa miaka saba baada ya mauzo kukoma.

Sifa ileile hubadili ngazi kulingana na mtu. Kamera bora ni pambo kwa anayepiga picha za sikukuu, na ni haja kwa anayeuza vitenge kwa picha za WhatsApp. Kwa hiyo hakuna hukumu moja inayotosha kwa simu yenyewe. Hukumu ni ya simu ikiwa mkononi mwa mtu fulani.

Gharama nazo hupimwa zaidi ya bei. Mwaka 1769 mwanafalsafa Denis Diderot aliandika jinsi joho jipya la nyumbani lilivyofanya samani zake zote zionekane duni, akajikuta akizibadilisha moja baada ya nyingine. Simu mpya hufuata mkondo huo: A56 huuzwa katika masoko mengi bila kichwa cha chaji, na cha wati 25 hakitoi kasi ya wati 45, wala kava ya zamani haiingii.

Mkopo huongeza uzito. Katika miji ya Afrika Mashariki, simu nyingi huchukuliwa kwa malipo ya kila siku au kila wiki, na hufungwa mkopaji asipolipa. Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya malipo ya polepole iwe juu kuliko ya taslimu, mradi iwe imekatwa tangu mwanzo. Lakini uhalali wa mkataba hauondoi swali la ngazi: deni la kununulia pambo likila ada ya shule au chakula, ngazi ya tatu imebomoa ya pili na ya kwanza.

Wapo pia watu wasiokuwapo dukani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayotumika katika betri, huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa eneo la Kolwezi na Likasi, ambako sehemu ya wachimbaji hufanya kazi kwa mikono katika mashimo ya hatari. Upande wa pili wa maisha ya simu, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Simu ya zamani nayo ina mwenye haki. Basil wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alifundisha kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni ni mali ya aliye uchi; kwa kipimo hicho, simu nzima inayolala kwenye droo inadaiwa na asiye nayo.

Ununuzi, basi, una sababu pale upungufu unapohisiwa kazini au katika usalama wa mali kabla ya tangazo kuutaja, fundi hawezi kuuondoa, na malipo hayagusi wajibu ulio juu. Sharti moja likikosekana, toleo jipya hubaki kuwa pambo: halali kwa mwenye nafasi, lakini lisilostahili kuitwa haja.