Deni Lisilo na Dhambi

Kitu kikivunjika kwetu pwani, neno la kwanza kusikika ni kudra. Mashua imepasuka, kudra ya Mwenyezi Mungu. Pikipiki ya watu imeingia mtaroni, kudra. Naliamini neno hilo kwa moyo wangu wote. Kinachonisumbua ni kinywa linamotoka. Mwenye mali akilisema, amesubiri, na malipo ya subira yake yako kwa Mola wake. Aliyevunja akiwahi kulisema yeye, kabla mwenye mali hajafungua mdomo, amemfunga mwenzake ulimi kwa jina la Mungu. Atakayedai sasa ataonekana anashindana na Muumba.

Mimi ni seremala, na baada ya swala ya alasiri husomesha fikihi madrasani. Kazi hizo mbili hazikutani sana. Zilikutana siku mpwa wangu aliponiletea kasia la kayaki lililokatika.

Kijana huyu huwapeleka wageni kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, wakatazame mikoko na ndege. Siku hiyo wageni walizidi makasia, akaazima moja kwa rafiki yake wa kazi. Maji yalikuwa ya bamvua, na bamvua ikianza kupwa pale haimngoji mtu: penye maji ya kiuno, muda si mrefu pana tope na mchanga. Mama mmoja wa makamo akakwama juu ya fungu. Mpwa wangu akamsogelea, akachomeka kasia mchangani na kuliegemea kwa uzito wake wote ili amsukume yule mama majini. Mpini ukakunjika katikati, kisha ukakatika.

"Mjomba," akaniambia, "nilikuwa naokoa mtu. Sikulichezea. Ni kudra tu. Nitengenezee, ulipake na rangi, asijue."

Kwamba alikuwa anaokoa mtu ni kweli. Kwamba hakulichezea ni kweli. Kwamba ni kudra ni kweli kuliko yote. Na bado anadaiwa.

Wengi wetu tunadhani kulipa kilichovunjika ni adhabu ya kosa. Ndiyo maana anayeambiwa alipe hukasirika, huona ametukanwa. Na anayedai huona haya, asije akaonekana anamhukumu mwenzake. Fikihi haikuliweka jambo hivyo. Mtoto mdogo akivunja mtungi wa jirani hana dhambi, kalamu bado haijaanza kumwandikia; lakini thamani ya mtungi hutolewa katika mali yake, kama anayo. Aliyelala akageuka usingizini na kuiponda saa ya mwenzake hana dhambi, na saa italipwa. Dhambi hutazama nia, nayo ni baina ya mja na Mola wake. Dhamana hutazama mkono wa mtu uliokuwa na kitu na sasa hauna. Mkono huo ni mtupu vilevile, awe aliyevunja ni mwovu au ni walii.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, kitu cha kuazima kimo katika dhamana ya aliyekiazima hata kama hakuzembea. Mahanafi wana kauli nyingine: kwao ni amana, wala hulipi ila umezembea au umevuka mpaka. Lakini hata kwa Shafii mlango upo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameueleza katika Minhaj, kitabu ambacho makadhi wa pwani wamekitegemea kwa vizazi: kilichoharibika kwa matumizi yaliyoruhusiwa hakilipwi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza si nani mwenye makosa. Swali ni kasia lilivunjika vipi.

Nikamwambia: ungekuwa unavuta maji likakukatikia mkononi, ningekutuma kwa rafiki yako ukamweleze, na deni huna. Aliyekupa kasia amekupa ruhusa ya kupiga kasia. Hakukupa ruhusa ya kulifanya upondo.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo naliheshimu mpaka leo. "Kwa hiyo ningemwacha yule mama?"

Hapana. Kumwokoa lilikuwa jema, na thawabu yake ataikuta. Ila mema tuyafanyayo kwa mali ya watu yana pande mbili: thawabu ni ya aliyetenda, mali ni ya mwenyewe, na ya pili hailipwi kwa ya kwanza. Namjua mtu aliyegawa chakula cha msiba kwa sufuria za kuazima, zikatoboka, na akadhani dua za waliokula zimekwisha kuzilipa.

Kuna kisa ninachokirudia kila mwaka madrasani, alichokipokea Bukhari kutoka kwa Anas. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake. Mke mwingine akamtuma mtumishi na bakuli la chakula. Mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka na kuvunjika. Wapo waliokuwa wanatazama. Mtume akaviokota vipande, akavishikanisha, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yao ameshikwa na wivu. Basi. Hakuna karipio lililopokewa hapo. Lakini yule mtumishi hakuachwa aondoke mikono mitupu: alizuiwa mpaka likaletwa bakuli zima la mwenye nyumba, akapewa alipeleke kwa mwenye bakuli lake, na lile lililovunjika likabaki kwa aliyelivunja.

Nilipokuwa kijana nilikisoma kama kisa cha upole wa ndoa. Sasa nakiona kwa namna nyingine. Lawama iliondolewa kwa neno moja mbele ya watu, na deni likalipwa hapohapo, saa ileile. Sisi hufanya kinyume chake: tunalaumu kwa miezi, na hakuna anayelipa bakuli.

Kasia lenyewe nililitengeneza. Ni la bomba la alumini na bapa mbili za plastiki, vipande viwili vinavyoungana katikati kwa kitufe cha springi kinachochomoza kwenye tundu. Tundu hilo ndilo ugonjwa wa makasia haya. Bomba limekwisha kupungua nguvu pale, na chumvi hujificha ndani ya kiungo, hasa wasipolisuuza kwa maji matamu baada ya kazi. Nilipochungulia nilikuta unga mweupe wa alumini iliyoliwa. Nilikata pembe zilizokunjika, nikapiga tupa, nikasugua ndani kwa msasa mpaka bomba likang'aa, na hapo huna muda wa kupoteza, kwa kuwa alumini ikikaa wazi gundi hushika vibaya. Nikachonga kijiti cha mvule cha kuingia kwa kubana, kiasi cha shubiri kila upande, nikakipaka epoksi chote ili maji yasikifikie kikavimba, nikakisukuma ndani. Nje nikazungusha kitambaa cha faiba na epoksi. Nikaliacha mpaka kesho yake.

Bahati ni kwamba ulivunjika mpini. Ungepasuka ubapa ningepata tabu zaidi, maana plastiki nyingi za namna ile hazikubali gundi.

Limekuwa kasia imara, lakini si lile lililoazimwa. Haliachani tena vipande viwili kuingia ndani ya gari, limezidi uzito, na katikati lina uvimbe ambao kiganja kinaujua hata gizani. Rangi nilikataa kupaka. Rafiki yake akilipokea bila kujua, atalikodisha au kuliuza kama zima, na uongo wa mpwa wangu utaendelea kutembea kwa mikono ya mtu asiye na habari. Kuunga ni kazi halali. Kuficha kiungo ni kumnyang'anya mwenye mali haki ya kusema: hili silitaki, nipe jingine.

Hapo ndipo penye swali la kuunga au kubadilisha, na hukumu haifanani kwa kila kasia. Wanafikihi wanazigawa mali: yenye mfano, kama mchele na mafuta, hulipwa kwa mfano wake, isiyo na mfano hulipwa thamani. Chukua kasia la asili: kayaki ilitoka kwa watu wa kaskazini ya mbali, Wainuiti wa Greenland na jirani zao, nchi isiyo na miti ya kupasua mbao. Magogo yaliwafikia baharini, yaliyosombwa na mito ya Siberia. Kasia lao la jadi hupimwa kwa mwili wa mtu: pima ya mikono yake iliyonyooshwa, na dhiraa moja juu yake. Ncha zilivishwa mifupa ili mfupa ulike badala ya mti. Kasia kama hilo halina mfano popote duniani ila kwa mtu mwenye mikono ileile. Kafi lililochongwa kwa tezo na mzee wa Mida nalo liko upande huo.

La kiwandani hutoka maelfu kwa kalibu moja, na wanavyuoni wengi wa zama hizi huhesabu vitu vya namna hiyo kuwa vyenye mfano. Nakubaliana nao, lakini lililoliwa na chumvi mfano wake si jipya la dukani. Haki ya mwenyewe, kasia likirudi limeungwa, ni tofauti baina ya bei yake siku moja kabla ya kuvunjika na bei yake sasa.

Mpwa wangu alikwenda akamweleza mwenziwe yote, pamoja na lile fungu. Mwenziwe naye akasema: alijua tundu linaliwa, na hakumwambia. Nadhani asingesema hilo kama angeletewa kasia lenye rangi mpya. Wakapatana juu ya kiasi, kasia lililoungwa likabaki kwa mwenyewe.

Majirani waliposikia wakaanza: samehe, ni kitu kidogo, nyinyi ni marafiki. Niliwakataza. Katika vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye bado hakuwa Mwislamu, akamhakikishia kuwa zina dhamana. Baadhi zikapotea. Mtume akajitolea kuzilipa, na Safwan akakataa malipo kwa hiari yake, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha kugeuka. Hakusukumwa na mtu. Aliacha haki aliyoijua, baada ya kuwekwa mbele yake kamili. Anayemhimiza mwenye mali asamehe mbele ya watu anatoa sadaka kwa mfuko usio wake. Rafiki yule akitaka kusamehe, mlango uko wazi leo na kesho. Mpaka hapo, mpwa wangu anamlipa kidogo kidogo, kila wageni wanapopatikana.