Kipimo Kilichogeuka Hukumu

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume itafute namna ya kuwatambua watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao darasani, ili wapewe msaada wa pekee. Alfred Binet, mwanasaikolojia wa Paris, alishirikiana na daktari Théodore Simon, na mwaka uliofuata wakatoa kipimo cha kazi 30: mtoto ataje vitu vilivyo pichani, arudie tarakimu alizozisikia, aeleze tofauti ya vitu viwili. Binet hakudai kuwa amepima akili ya kuzaliwa. Aliwapinga waziwazi waliosema kwamba akili ya mtu haiongezeki, akabuni na mazoezi ya kuwakuzia watoto hao usikivu na kumbukumbu. Alifariki mwaka 1911, na kipimo kikabaki mikononi mwa wengine.

Henry Goddard, aliyekipeleka Marekani, aliamini kuwa udhaifu wa akili hurithiwa. Mwaka 1913 wasaidizi wake walikwenda kituo cha wahamiaji cha Ellis Island kuwapima wahamiaji walioshuka melini wakiwa wamechoka, wengi hawajui Kiingereza, na wengi wao wakaandikwa mapunguani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi likawapima wanaume wapatao milioni 1.7. Swali moja lilitaka kujua Crisco ni nini: dawa ya dukani, dawa ya kuua vijidudu, dawa ya meno au chakula? Ni mafuta ya kupikia. Aliyekulia mahali yasipouzwa alikosa alama, na kukosa huko kukahesabiwa upungufu wa akili!

Gharama ya hukumu za namna hiyo ilimwangukia Carrie Buck, binti maskini wa Virginia. Alipata mimba baada ya kubakwa, kwa maelezo yake mwenyewe, na jamaa wa walezi wake, kisha mwaka 1924 akafungiwa katika kituo cha serikali. Kipimo kilichotokana na kile cha Binet kilisema akili yake ni ya mtoto wa miaka 9. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliruhusu afungwe kizazi bila ridhaa yake, na Oktoba akapasuliwa. Mtoto wake Vivian, aliyetajwa mahakamani kuwa si wa kawaida angali mchanga, alikuja kuandikwa shuleni kati ya wanafunzi waliofanya vizuri, kabla ya kufariki akiwa na miaka 8. Carrie mwenyewe aliishi hadi 1983, na waliomtembelea uzeeni walimkuta msomaji wa magazeti.

Siku hizi vipimo vya aina nyingine, vya haiba, vimejaa maofisini na kwenye simu, na tunavipenda kwa sababu vinatusifu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walipewa maneno yaleyale, mengi yametolewa katika kitabu cha unajimu, nao, walipoulizwa yanawaeleza vizuri kiasi gani, wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5.

Basi wewe mwalimu, mzazi au mwajiri uliyeshika karatasi ya majibu ya mtu, anza pale alipoanza Binet: uliza mtu huyu asaidiwe nini. Kisha mwite, kaa naye, umsikilize kabla hujaandika lolote kwenye faili lake.