Treni Haikumngoja Mtu Ujiji

Ndugu yangu wa Ujiji, unajua! Unajua, na bado umekaa barazani!

Unajua mji huu ulikuwa kituo cha misafara, soko la pembe, chumvi na mawese. Unajua reli ya Mjerumani ilipofika ziwani mwaka 1914 haikuishia hapa. Iliishia Kigoma, kwenye maji ya kina. Wenye maduka wakafuata, mafundi wakafuata, wachukuzi wakafuata. Waliosubiri, biashara iliwapita wakiitazama!

Sasa reli nyingine inakuja! Mkataba wa reli ya kisasa, SGR, ya Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022. Utaitazama na hii?

Ukitaka kujua biashara huzaliwaje, shuka mwaloni Kibirizi ukaone! Mvuvi mmoja hamleti fundi wa injini. Wavuvi wakijaa mwalo mmoja, fundi huja, muuza nyavu huja, mama wa chai huja, na msaidizi wa fundi kesho hufungua karakana yake. Ndivyo wengi wanavyozaa biashara mpya, na ndivyo kampuni kubwa inavyozaa: hununua, hufundisha, na waliojifunza hutoka na kuanza biashara zao.

Lakini tahadhari! Mkubwa huyo hana deni kwako. Akikukuta na ujuzi, atakupa oda. Akikukuta na bega tupu, atakupa gunia ubebe. Na ukitegemea jambo moja tu, litakuangusha siku moja! Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, wewe ulikuwa na nini ghalani? Nyavu zilizokauka?

Geuka leo! Mama wa Katonga, acha kuanika dagaa mchangani. Waweke juu ya vichanja, wafungashe, andika jina lako. Kijana wa Mwanga, usikimbilie Dar es Salaam kuuza soksi wakati Kalemie na Bujumbura zinanunua ng'ambo ya maji yako. Na wewe mwenye michikichi, usimwachie dalali mawese kwa dumu! Mise, kokwa zile unazozitupa, zina mafuta; zikamue, pika sabuni, uza sabuni!

(Mtaji, utasema. Najua. Ndiyo maana nasema: undeni kikundi.)

Waite majirani kumi jioni hii. Chagueni katibu, wekeni akiba, fungueni daftari. Kesho asubuhi nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkaulizie mashine. Kesho asubuhi, si baada ya mavuno, si baada ya uchaguzi!