UJIRA WA FUNDI WA ORDINATERI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Vijana wetu wengi wamejifunza kutengeneza ordinateri. Mchana ni walimu ao wafanyakazi wa biro, jioni wanafungua mashine za watu ili kuongezea mshahara usiotosha. Kazi hiyo ni halali, mradi isifanywe kwa saa ambazo biro imekwisha kuzilipa. Nao wanatuuliza: tutoze ngapi?

Hatutataja franka. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) azipange yeye, naye akakataa, kwa kuogopa kukutana na Mola wake huku mtu akimdai dhuluma. Ikiwa yeye hakupanga bei ya chakula, imamu atapangaje ya ordinateri? Lakini angalieni alichokiogopa.

Muhogo sokoni kila mama anaujua: anaushika, anauvunja, anatoka kwenda kwa muuzaji wa pili. Kwa ordinateri mteja haoni kitu. Kioo kimekuwa cheusi, basi. Fundi peke yake ndiye anayejua kama ni vumbi tu, la kupanguswa kwa dakika kumi, ao kama umeme uliorudi kwa nguvu umeunguza mashine. Akisema "imeungua, lete dola hamsini", mteja atalipa na tena atashukuru. Wanazuoni wanaita ghabni kumpunja mtu katika bei kwa sababu haijui. Wamaliki na Wahambali wakampa yule aliyekuamini haki ya kuvunja mapatano, punjo likiwa kubwa. Sisi Washafii hatuvunji kwa ghabni peke yake, lakini uongo ni haramu kwa madhehebu yote. Mtume alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka akakuta chini imelowa, akamkemea mwenye kuificha. Fundi naye aonyeshe palipolowa.

Wateja nao wana dhuluma yao. "Umekaa dakika kumi tu, dola tano za nini?" Ndugu, hulipi dakika. Unalipa miaka aliyojifunza, vyombo vyake, na esansi ya gurupu umeme ukikatika.

Sasa, kabla ya kufungua mashine hakuna anayejua ugonjwa wake. Sheria ina njia mbili. Ya kwanza ni ijara: kazi inajulikana, kama kuweka programu, na ujira unatajwa mbele. Ya pili ni juala: "ukiiwasha, nitakupa kiasi hiki", akishindwa, hana kitu. Wanazuoni wameitolea dalili katika Surat Yusuf, pale mwenye kuleta kikombe cha mfalme alipoahidiwa shehena ya ngamia. Fundi anayetaka malipo ya kutazama tu, aseme mbele. Aseme pia kama ni dola ao franka, na kwa kiwango cha siku gani. Chombo kilichotolewa ni cha mwenye mashine, arudishiwe. Tumeamua magomvi mengi hapa msikitini, na karibu yote yalitokana na neno ambalo halikusemwa siku ya kwanza.

Je, tajiri atozwe zaidi ya maskini? Kumpunguzia mjane ni sadaka. Kumpandishia mwenye gari kwa sababu tu hajui bei, hiyo ni ghabni ileile.

Linabaki jambo moja gumu. Mwenye mshahara anaweza kutoza nusu ya bei, lakini jirani yake hana kazi nyingine, na watoto wake wanakula kwa bisibisi ileile. Omar bin Khattab alimkuta Hatib bin Abi Baltaa akiuza zabibu kwa bei ya chini, akamwambia apandishe ao aondoke sokoni. Imamu Malik ameipokea habari hiyo katika Muwatta. Katika mapokezi ya Imamu Shafii, Omar alijihesabu nafsi yake, akamwendea Hatib nyumbani, akamweleza kwamba ile haikuwa amri, bali alitaka heri ya watu wa mji, na kwamba auze apendavyo. Kwa hiyo hatumkatazi mtu kutoza kidogo. Lakini mwenye mshahara, kabla ya kutaja bei yake, aende kwanza amuulize yule jirani anatoza ngapi.

Wallahu aalam.