Hodi Hewani

Waashi waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliiweka sitara katika ramani yenyewe. Mgeni hupokewa katika daka, ukumbi wa mlangoni, na njia ya kutoka hapo kwenda kiwandani, yaani uani, hupinda, ili hata mlango ukiwa wazi jicho la mpita njia ligote ukutani lisiwafikie watu wa ndani. Na kuta, za matumbawe na chokaa, zina unene unaokaribia dhiraa moja. Hodi hupigwa mara tatu, na asiyejibiwa hugeuka akaenda zake bila ya kinyongo, kwa kuwa amefundishwa chuoni na nyumbani kwamba ruhusa ya kuingia ni haki ya mwenye nyumba, na kwamba iliwekwa kwa ajili ya jicho kabla ya kuwekwa kwa ajili ya mguu.

Nilipoanza kusoma uhandisi wa mawasiliano, na hasa somo la mitandao isiyotumia waya na usalama wa habari, jambo lililonishughulisha kuliko hesabu zake zote, ambazo si chache wala si nyepesi, ni kwamba ukuta ule hauna kauli mbele ya wimbi. Wimbi la waifai, ambalo aghalabu urefu wake ni kama sentimita 12 na nusu, hupita dirishani na mlangoni, hudhoofika katika jiwe lakini halifi, likatoka njiani, likavuka uchochoro, likaingia katika chumba cha jirani aliyelala, wala halipigi hodi. James Clerk Maxwell aliyatambua mawimbi ya jinsi hii kwa hesabu mwaka 1865, na Heinrich Hertz akayadhihirisha kwa vyombo kuanzia mwaka 1887. Na tangu binadamu alipoanza kuyapa maneno yake yayachukue, amekuwa akisema kadamnasi hata anaponong'ona. Basi neno la mwenzangu lililoingia nyumbani mwangu kwa njia ya hewa, likapenya kuta zangu na mwili wangu bila ya mimi kulitafuta, je, ni halali yangu kulisikiliza? Na ujuzi wa kulifungua likiwa limefungwa, ambao vyuo vyetu sasa vinautolea shahada, je, ni elimu, au ni wizi uliovikwa joho?

Katika kutafuta jawabu nilipata mwalimu nisiyemtarajia, nayo ni kadi ya mtandao iliyomo ndani ya kompyuta. Vyombo vyote vilivyo karibu na vinavyotumia mkondo mmoja wa mawimbi husikia yote yasemwayo katika mkondo huo, kwa sababu hakuna waya wa kumtenga huyu na yule. Kila pakiti inayorushwa hubeba anwani ya mpelekewa, na kadi inapoipokea huitazama anwani hiyo kwanza. Ikiona kwamba ujumbe si wake wala si wa watu wote, huutupa papo hapo, na mwenye kompyuta hajui hata kwamba ulipita. Nilipolielewa jambo hili nilistaajabu, kwa sababu huo ni murua ule ule wa mtu aliyeketi barazani, ambaye maneno ya ndani humfikia kwa kupenya dirishani, naye akayaacha yapite kana kwamba hayakusemwa. Najua kwamba walioiunda kadi hawakukusudia kuifunza adabu, bali walitaka kuipunguzia kompyuta kazi; walakini matokeo ni kwamba mtandao mzima husimama juu ya stahamala ya kusikia na kutosikiliza. Thamma, amri moja fupi, ambayo mwanafunzi wa somo letu huifahamu mapema katika mazoezi yake, huiondolea kadi staha hiyo, ikawa inapokea kila kitu cha kila mtu.

Husimuliwa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab, alipokuwa akizunguka Madina usiku kuangalia hali za raia, alisikia sauti iliyomtia shaka katika nyumba fulani, akapanda ukuta, akamkuta mwenye nyumba katika maasia. Alipomkaripia, mtu yule alijibu kwamba ikiwa yeye amekosa moja, khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ilhali kupeleleza kumekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat, ameingia kwa ukuta, ilhali nyumba huingiwa kwa milango yake, na hakutaka ruhusa wala hakutoa salamu. Umar hakuwa na hoja ya kumrudishia, akamwacha, akatoka. Nimekifikiri kisa hiki mara nyingi nikiwa mbele ya kompyuta, na ninaloliona ndani yake ni kwamba sauti ilimfikia khalifa akiwa njiani, na kwa kusikia huko hakulaumiwa. Lawama ilianza pale alipouweka mkono wake ukutani. Wala nia yake njema haikumwokoa, wala cheo chake hakikumwombea. Basi mwenye kudai kwamba mtandao wa jirani ulikuwa wazi, hauna nywila, na kwa hiyo hapana kosa katika kuyasoma yaliyomo, anadai kwamba mlango ulioachwa wazi ni karibu. Nasi wote tunajua kwamba karibu hutamkwa na mwenye nyumba.

Lakini haikuwa nywila wala ukuta ulionitia mimi katika jaribu, na hapa yanipasa nisimulie taksiri yangu mwenyewe. Sitaji mji wala mwaka, ili asitambulikane asiyekuwa mimi. Simu, hasa zile za miaka ya nyuma, zilipokuwa hazijaungana na mtandao wowote zilikuwa zikiita hewani majina ya mitandao ambayo zimewahi kuijua, moja baada ya moja, kama mtoto aliyepotea sokoni anayeita majina ya jamaa zake. Nilikuwa bwenini nikiandaa zoezi, nikaiweka kadi katika hali ya kupokea yote, nikayaacha majina yajiorodheshe. Yalikuja majina ya nyumba za wageni, ya mkahawa, ya msikiti, na ya watu walioipa mitandao ya nyumbani mwao majina ya watoto wao. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia ndugu niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja, na hapo hapo, kwa nguvu ya wimbi iliyoonyesha kwamba simu iko hatua mbili kutoka nilipo, likatokea jina la zahanati inayotibu maradhi ya namna moja tu, maradhi ambayo watu wetu huyaficha hata kwa ndugu wa tumbo moja. Alinisalimu, akaniuliza kama nimekula, akanimegea nusu ya chapati aliyokuja nayo.

Sikuwa nimevunja nywila. Sikuwa nimefungua ujumbe wa mtu, wala hapakuwa na neno lililosimbwa nililolisimbua. Simu yake ndiyo iliyosema, kwa sauti, mbele ya kila mwenye chombo cha kusikilizia. Na pamoja na udhuru wote huo niliila chapati yake kwa uso wa mtu aliyekutwa ameinua pazia la chumba cha mwenziwe. Usiku ule niliyafuta yaliyomo katika kompyuta. Niliyoyajua sikuweza kuyafuta. Huenda jina lile halikuwa na maana niliyoidhania, na huenda alipita pale kumwona mgonjwa, au alikuwa na jamaa anayefanya kazi pale. Na hilo lilinizidishia aibu, kwa sababu katika sura ile ile inayokataza kupeleleza, dhana imetajwa kwanza, na upelelezi ukafuata, na usengenyaji ukaja baada yake, nami katika nukta moja nilikuwa nimekwisha kuzipanda ngazi mbili kati ya hizo tatu.

Sheria zetu hazikosi kulitazama jambo hili. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, na ile ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, zinailinda faragha ya mtu na mawasiliano yake; Tanzania ikatunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga yake mwaka 2018. Ni sheria zinazohitajika. Lakini hakimu angenihukumu kwa kosa gani, hali niliyoyapokea ni majina yaliyotangazwa wazi, na aliyeyatangaza ni simu ya mwenyewe? Kuna mahali ambapo sheria inakoma na murua unabaki peke yake, na mwanafunzi wa somo hili anaishi mahali hapo kila siku.

Wako wanaosema, na miongoni mwao wamo masheikh ninaowaheshimu, kwamba elimu ya jinsi hii ingefaa isifundishwe kabisa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake cha Ihya kwamba elimu hailaumiwi kwa dhati yake, bali hulaumiwa kwa dhara inayomfika mwenyewe au watu wengine, na uchawi ukawa katika mifano yake. Nami naikubali mizani hiyo, nikaitumia. Mtu wa kwanza ajulikanaye kuandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri, al-Kindi, aliyekuwa mwanafalsafa mjini Baghdad katika karne ya 9, alionyesha kwamba herufi hazitumiki kwa kiasi sawa katika lugha, na kwamba mwenye kuzihesabu katika ujumbe uliofichwa ataweza kuzijua zile za asili. Siioni dhara katika risala ile. Naona mtu aliyewaambia wakubwa wa zama zake kwamba siri walizodhani zimefungwa zilikuwa zimeegeshwa tu.

Mfano wenye utata zaidi ni ule wa Juni 1903, pale London. Mtaalamu John Ambrose Fleming alikuwa mbele ya hadhara katika Royal Institution, akisubiri ujumbe usiotumia waya ambao Guglielmo Marconi angeuleta kutoka mbali, katika pwani ya Cornwall. Na Marconi alikuwa amejisifu kwamba vyombo vyake vingeweza kupatanishwa hata asiyehusika asivisikie wala asiviingilie. Kabla ya ujumbe kufika, chombo kilianza kugonga maneno mengine, ya dhihaka, yaliyorushwa na Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe mwenye ujuzi wa mawasiliano hayo. Fleming alighadhibika akaandika gazetini kulalamika. Maskelyne akajibu kwamba ametenda hayo ili umma ujue udhaifu uliopo. Kwa hukumu yangu alisema kweli katika jambo lenyewe, akakosa katika namna yake, kwa kuwa anayemwonya jirani kwamba kufuli lake ni bovu hana haja ya kumtukana mbele ya wageni.

Na kufuli bovu huwa bovu kweli, watu wakijua au wasijue. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyeishi Ufaransa, aliandika mwaka 1883 kwamba mpango mwema wa siri ni ule usiodhurika hata adui akiujua wote, maadamu hakuupata ufunguo. Waliotoa WEP, kanuni ya kuifunga mitandao ya waifai, mwaka 1997 waliipa jina lenye kuahidi faragha sawa na ile ya waya. Lakini kila pakiti ilifungwa kwa kutumia namba ya kubadilika ambayo aina zake zote ni 16,777,216, hesabu inayoonekana kubwa mpaka mtu atambue kwamba mtandao wenye shughuli huimaliza kwa saa chache, kisha namba zikaanza kurudiwa. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walieleza udhaifu mzito zaidi katika kanuni hiyo, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, wakaonyesha kwamba ufunguo wake hupatikana katika muda usiofika dakika moja. Lau kama elimu hiyo ingezuiwa, kufuli lile lingalikuwa milangoni mwa watu hata leo, na wezi, ambao hawangojei kitabu kipigwe chapa, wangelijua peke yao. Mathy Vanhoef, wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alipogundua kasoro katika WPA2, mojawapo ya kanuni zilizoirithi WEP, aliwajulisha watengenezaji miezi kadhaa kabla ya kuitangaza Oktoba 2017, wapate kuiziba kabla ya mwizi kufika. Na mwaka uliofuata ikatolewa WPA3. Huo ndio wema ambao Maskelyne aliukosa, na katika lugha yetu huitwa nasiha.

Kuna kasoro moja ya ujenzi inayonisikitisha kuliko zote, kwa sababu inawagusa watu wetu wa hali ya chini. Katika simu za kizazi cha pili, ambazo kwa miaka mingi zimechukua fedha za mkulima na mchuuzi, mnara huitaka laini ijithibitishe, lakini simu haina njia ya kuutaka mnara nao ujithibitishe, hata ikawa mwenye mnara wa uongo anaweza kuiita simu nayo ikamfuata. Hodi ya upande mmoja si hodi. Kizazi cha tatu kiliirekebisha kasoro hiyo, lakini simu nyingi hukubali kurudi katika kizazi cha pili pale mawimbi mapya yanapopungua, na mwenye simu haulizwi.

Ndiyo sababu nasema kwamba kusimba maneno ni kazi ya uashi, na mwanafunzi anayejifunza kuvunja kufuli ajifunze kwa nia ya mwashi anayeligonga jiwe kabla ya kulipanga, nyumbani mwake au kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Ninawaomba walimu wa somo hili katika vyuo vyetu, kabla ya kumwonyesha kijana ile amri fupi inayoivua kadi staha yake, wamketishe kwanza wamwulize atafanya nini na jambo ambalo hakulitafuta likamjia, kwa maana litamjia, na pengine litaingia pamoja na rafiki aliyeshika chapati. Mimi sikuulizwa. Mwenzangu yule tulimaliza naye masomo salama, na hata leo hutembeleana. Hajapata kunitajia habari ya zahanati ile, nami sijamwuliza.