Punje ya Mchanga

Julai, kiangazi kimekolea, maharage yameshaanuliwa uani, na usiku wa Nyakitonto ni giza totoro. Toka nje, inua macho: Njia Nyeupe imetanda utosini kama unga uliomwagika. Sasa okota punje moja ya mchanga, nyoosha mkono, uielekeze mbinguni. Kipande cha anga inachokiziba kinalingana kwa ukubwa na kile kilichopigwa na darubini ya James Webb, katika picha iliyotolewa Julai 2022. Ndani ya picha hiyo mna maelfu ya galaksi; galaksi, si nyota! Nuru ya kundi la galaksi lililo katikati ya picha imesafiri miaka bilioni 4.6, karibu umri wa Dunia yenyewe. Leo usiku zima taa ya sola, mwite mtoto, naye umpe punje yake.