Kodi Wakati wa Shida

Biashara inapolegea, mwenye duka wa Kasulu au muuza dagaa wa Kibondo hujiuliza: je, ni kosa kuficha mauzo ili watoto wapate kula?

Sisi wazee tunaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyoanza mwaka 1984, uchumi ukiwa bado umelemewa baada ya vita vya Kagera. Watu wazima walidaiwa, soko liwe zuri au bovu. Wengine walilala porini kuwakwepa wanamgambo. Ilifutwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 vilikuja vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000. Wapo waliolalamika, lakini kiasi kilijulikana mapema, na aliyelipa aliuza kwa amani.

Basi tusiseme watu hukwepa kwa ukorofi tu. Mtu hulipa kwa moyo akijua kiasi, akiona jirani naye analipa, na akiiona fedha yake katika barabara na dawa.

Hata hivyo, shida si ruhusa ya uongo. Anayeficha humtwisha mzigo jirani mwaminifu. Tuandike daftari la kweli, twende mapema kuomba kulipa kwa awamu. Naye mtoza kodi amkumbuke Zakayo: aliyetoza kupita haki hana budi kurudisha.